Linawaka, kisha linazima: sensa ya presha ya oili na nyaya za pampu ya dizeli

Pampu ya kulishia dizeli ikikaa kimya, wengi hukimbilia kununua pampu. Mpya inafungwa, lori linawaka, na baada ya muda tatizo linarudi palepale. Kinachosahaulika ni kwamba katika baadhi ya malori ya dizeli, hasa madogo na ya kati, pampu ya umeme haipati moto (umeme) moja kwa moja kutoka swichi ya funguo. Moto wake unapita kwanza kwenye swichi ya presha ya oili. Kwa hiyo hitilafu ya oili inaweza kujionyesha kama hitilafu ya dizeli, na waya ulioliwa na kutu ukafanana na pampu iliyokufa.

Mpangilio huu uliwekwa kwa ajili ya usalama. Injini ikizima, presha ya oili inashuka, swichi inakata moto na pampu inasimama. Lori likipata ajali na bomba likapasuka, pampu haiendelei kumwaga dizeli juu ya injini yenye joto kali wakati swichi ya funguo bado imewashwa.

Ila kabla injini haijawaka presha ya oili haipo, kwa hiyo pampu inahitaji njia ya pili ya kupata moto. Njia hiyo ni relei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayofunga, yaani kuunganisha umeme, kwa sekunde chache unapowasha swichi, au kwa muda wote stata inapozunguka. Injini ikishawaka na oili ikafika takribani bar 0.3 hadi 0.5, swichi ya oili inafunga na kuchukua kazi. Shika hizo njia mbili kichwani: njia ya kuwashia, na njia ya kukimbilia, yaani inayolisha pampu injini ikishawaka. Karibu kila dalili hapa chini inakuambia ni ipi kati ya hizo imekatika.

Mfano unaojulikana sana ni injini ya dizeli ya GM ya lita 6.5 ya miaka ya 1990. Swichi yake ya oili iko juu nyuma ya injini, karibu na ukuta wa kabini, na hubeba mkondo wote wa pampu. Ni swichi ndogo kwa kazi kubwa. Meno yake ya ndani (vipande vinavyogusana kupitisha umeme) huungua kidogo kidogo, upinzani unapanda, na pampu inaanza kupata volti pungufu muda mrefu kabla haijanyamaza kabisa.

Malori makubwa mengi hayana pampu ya umeme. Pampu yake ya kulishia inaendeshwa na injini yenyewe. Hapo tafuta solinoidi ya kuzimia (vavu ya umeme inayokata dizeli) iliyo kwenye pampu kuu ya injekta. Baadhi ya mifumo ya kulinda injini hupitisha moto wa solinoidi hiyo kwenye swichi ya oili, na vipimo ni vilevile. Katika malori mapya zaidi kompyuta ya injini ndiyo inayoamuru relei ya pampu.

Tambua kilichofungwa kwenye bloku

Watu huita vyote "sensa", lakini viko vya aina tatu, na kipimo cha kimoja hakifai kwa kingine.

Cha kwanza ni swichi. Inafunga au inakata, basi. Ya waya mmoja mara nyingi ni ya taa ya dashibodi: injini ikiwa imezima inagusa ethi (upande hasi, yaani mwili wa lori) na taa inawaka, presha ikija inaachia. Ya pampu ya dizeli hufanya kinyume, yaani imekata bila presha na inafunga presha ikija. Ukizichanganya hizi mbili kwa sababu nyuzi zake zinalingana, pampu haitafanya kazi inavyotakiwa.

Cha pili ni senda ya geji, ambayo upinzani wake hubadilika kufuata presha. Aina ya VDO ya bar 10 huanza karibu ohm 10 bila presha na kupanda hadi karibu 180. Aina ya Kimarekani huenda kinyume: karibu ohm 240 bila presha, 33 ikiwa juu kabisa. Ukifunga ya kwanza kwenye geji ya pili, mshale utaonyesha presha imejaa wakati injini imezima.

Cha tatu ni sensa ya nyaya tatu: volti 5 kutoka kwenye kompyuta, ethi, na waya wa ishara unaorudisha kama volti 0.5 bila presha hadi 4.5 presha ikiwa juu.

Zipo pia zilizounganisha swichi ya pampu na senda ya geji katika mwili mmoja. Hizo huchanganya watu, kwani geji inaweza kusoma vizuri kabisa huku upande wa pampu umekufa.

Pima waya ukiwa na mzigo

Waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti 12 kamili kwenye multimita, kwa sababu multimita haivuti mkondo wowote wa maana. Ukiweka balbu ya taa kubwa ya 55 W, inayovuta karibu ampea 4.5, volti zinaanguka hadi 5 au 6 na ukweli unajitokeza. Kwa mfumo wa volti 24 tumia balbu ya 24 V, 70 W, ambayo huvuta karibu ampea 3. Ifungie nyaya mbili zenye klipu na uifanye kifaa cha kudumu kwenye boksi lako.

Usiitumie balbu hiyo kwenye sensa ya nyaya tatu wala waya wowote unaotoka kwenye kompyuta. Saketi ya volti 5 haikutengenezwa kubeba mzigo huo, na kompyuta inaweza kuungua. Huko ni multimita peke yake.

Vingine vya kuwa navyo: geji ya mkono ya presha ya oili ya bar 0 hadi 10, geji ya presha ndogo ya bar 0 hadi 1 kwa dizeli, bomba la plastiki linaloonyesha ndani, na kipande cha waya chenye fyuzi ya ampea 10 katikati. Usitoboe ganda la waya kwa sindano ili kupima. Maji huingia kwenye tundu hilo na shaba inaoza ndani kwa ndani. Ingiza ncha nyembamba kutoka nyuma ya plagi.

Linawaka, kisha linazima baada ya sekunde chache

Hii ndiyo dalili iliyo wazi kuliko zote: njia ya kuwashia ni nzima, ya kukimbilia imekatika. Dizeli iliyobaki kwenye filta inatumika, kisha injini inakosa.

Weka multimita kwenye plagi ya pampu, pampu ikiwa imeunganishwa. Mwenzako awashe. Ukiona volti wakati stata inazunguka, kisha zikapotea ufunguo unapoachiwa na injini iko hai, nenda kwenye swichi ya oili. Chomoa plagi yake. Kwa waya wako wenye fyuzi, unganisha matundu mawili ya upande wa pampu kwenye plagi, si kwenye swichi, huku swichi ya funguo ikiwa imewashwa. Pampu ikinguruma, nyaya ni nzima. Kosa liko kwenye swichi au presha yenyewe haipo. Isiponguruma, pima kila tundu kwa balbu na ethi ya betri: moja linapaswa kuwasha balbu kwa nguvu zote. Likiwaka hafifu au lisiwake, rudi nyuma kuelekea fyuzi. Likiwaka vizuri, waya unaokwenda kwenye pampu ndio uliokatika, au ethi ya pampu.

Kabla ya kununua swichi, ifungue na ufunge geji ya mkono kwenye tundu lilelile. Swichi inayokataa kufunga kwa sababu bloku haina presha inafanya kazi yake, na anayeiruka kwa waya ili lori liende anaweza kuua injini nzima ndani ya safari moja.

Kuna tahadhari ya kinyume pia. Injini kuendelea kuwaka si ushahidi kwamba pampu ya kulishia ni nzima. Pampu kuu nyingi zinaweza kuvuta dizeli zenyewe kutoka tanki na kuliendesha lori kwa muda mrefu, lakini zinavuta kwa shida na kuingiza hewa, na vipuri vyake vya ndani vinalika kwa kukosa ulainisho. Jaribio ni rahisi: injini ikiwa kwenye sailensi (inazunguka polepole bila kukanyagwa mafuta), fungua kidogo vavu ya kutolea maji ya filta, kama filta iko baada ya pampu. Dizeli ikitoka kwa nguvu, pampu inasukuma. Isipotoka, au injini ikaanza kuyumba kwa kuvuta hewa, pampu haifanyi kazi hata kama lori lilikuja gereji lenyewe. Kwa injini ya GM iliyotajwa tegemea takribani robo lita kwa sekunde 15, na presha ya psi 4 hadi 8. Usijaribu hivi kwenye upande wa presha kubwa wa injini ya komoni reli (yenye bomba moja la presha kubwa linalolisha injekta zote). Dizeli ya huko hupenya ngozi.

Stata inazunguka sana asubuhi, baadaye hakuna tatizo

Hapa njia ya kuwashia ndiyo mbovu. Lori linaishia kuwaka kwa sababu stata yenyewe, ikizunguka vya kutosha, hujenga presha ndogo ya oili inayofunga swichi, na pampu inaanza kwa kuchelewa. Pima volti kwenye pampu tangu sekunde ya kwanza ya stata. Zikija baada ya sekunde tano au kumi, relei ya kuwashia haifungi.

Badilishana na relei nyingine yenye namba ileile. Kama haikusaidia, toa relei na upime soketi kwa namba za miguu ya relei: namba 30 iwe na moto wa kudumu, 86 na 85 zipate moto na ethi wakati wa kuwasha, 87 ielekee kwenye pampu. Angalia betri pia. Mfumo wa volti 12 ukishuka chini ya 9.6 wakati wa stata, relei inaweza kuachia, na utatafuta kosa la waya ambalo halipo.

Kama volti zinafika mara moja lakini lori bado linachelewa, hilo si la umeme. Dizeli inarudi tanki usiku kupitia mpira uliopasuka, klempu iliyolegea au vavu ya kuzuia kurudi. Weka bomba la kuona ndani kabla ya filta na utafute mapovu.

Usidanganywe na ukimya. Baadhi ya malori hayawashi pampu kwa swichi ya funguo pekee, yanasubiri stata.

Linazima likiwa na joto, kwenye sailensi tu

Asubuhi hakuna shida. Baada ya saa kadhaa za mzigo, ukisimama, injini inayumba na kuzima. Ukikanyaga mafuta mapema inapona. Wengi hulaumu filta. Mara nyingi ni hivi: oili ikipata joto inakuwa nyepesi, presha ya sailensi inashuka hadi mpaka wa swichi, swichi inakata, pampu inasimama.

Pima kwa geji ya mkono injini ikiwa na joto la kazi. Kanuni ya kukadiria inayotumiwa na mafundi wengi ni bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika, ingawa kitabu cha injini husika ndicho cha mwisho. Presha ikiwa bar 1 au zaidi kwenye sailensi na swichi bado inakata, swichi imechoka. Presha ikiwa imeshuka kweli, angalia kiwango cha oili, unene wake, na kama imechanganyika na dizeli. Oili yenye dizeli hunuka, na kiwango chake huongezeka kwenye kijiti badala ya kupungua. Baada ya hapo ni beringi za krenkishafti na pampu ya oili. Kubadilisha swichi kwa nyingine inayofunga kwa presha ndogo zaidi kutaficha dalili hadi siku beringi zitakapokatika.

Linakosa nguvu mlimani

Pampu inanguruma, volti zipo, lakini hazitoshi. Pima injini ikiwaka. Kwenye betri uone 13.8 hadi 14.4, au 27.5 hadi 28.5 kwa mfumo wa 24. Kisha tafuta upotevu kipande kwa kipande, pampu ikiwa kazini:

- Ncha nyekundu kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye chanya ya pampu: isizidi volti 0.5 kwa mfumo wa 12, au 1 kwa mfumo wa 24.
- Ncha nyekundu kwenye hasi ya pampu, nyeusi kwenye hasi ya betri: isizidi 0.2.
- Kati ya nyaya mbili za swichi ya oili: isizidi 0.3. Ikizidi, meno yameungua.

Upande wa ethi ndio unaopuuzwa zaidi. Bolti ya ethi ya pampu iko chini kwenye chesisi, inapigwa na maji na matope kila siku. Ifungue, kwangua rangi na kutu hadi chuma king'ae, funga kwa washa (pete ya bolti) mpya, kisha paka grisi juu. Angalia na mkanda wa ethi kati ya injini na chesisi: stata ikizunguka, kati ya bloku na hasi ya betri isizidi volti 0.5. Mkanda huu ukikatika, mkondo wa stata hutafuta njia kwenye nyaya nyembamba, na sensa kadhaa zinaharibika kwa pamoja bila sababu inayoonekana.

Taa ya oili au geji inayosema uongo

Taa ikiwaka injini iko hai, zima kwanza, pima kijiti, kisha ndipo uulize kama ni uongo. Kwa swichi ya waya mmoja, chomoa waya huku swichi ya funguo ikiwa imewashwa. Taa ikizimika, nyaya ni nzima. Kosa ni swichi au presha. Ikibaki inawaka, waya umechunika na kugusa ethi mahali fulani. Kama taa haiwaki kabisa kabla ya kuwasha injini, gusisha waya kwenye ethi: ikiwaka, swichi imekufa.

Kwa senda ya geji ya VDO, waya uliochomolewa hupeleka mshale juu kabisa na ukigusa ethi unashuka hadi sifuri. Ya Kimarekani ni kinyume. Mshale usiposogea kokote, tatizo ni geji au waya.

Tepu nyeupe ya nyuzi ni chanzo cha makosa mengi hapa. Senda ya waya mmoja hupata ethi yake kupitia nyuzi zake kwenye bloku. Ukiizungushia tepu nyingi umeikatia ethi. Angalia pia mshale unaokaa katikati daima bila kujali mwendo. Malori madogo ya Ford ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na ya 1990 yalikuwa na geji inayolishwa na swichi tu, kwa hiyo mshale wake hausemi presha ni kiasi gani.

Kwenye plagi ya sensa ya nyaya tatu, ukikuta oili ndani, sensa imepasuka ndani. Oili hutambaa katikati ya nyuzi za shaba na inaweza kufika mbali. Ukikosa volti 5, chomoa sensa nyingine zinazotumia volti hizo moja baada ya nyingine. Zikirudi, uliyoichomoa mwisho ndiyo iliyokuwa na shoti. Injini zinazotumia oili ya presha kubwa kusukuma injekta, kama Power Stroke ya Ford ya lita 7.3 na Caterpillar 3126, zina sensa nyingine kwa ajili hiyo. Power Stroke huhitaji karibu psi 500 ili iwake. Ikigoma, chomoa sensa hiyo na ujaribu tena. Ikiwaka, sensa ilikuwa inaidanganya kompyuta.

Fyuzi inaungua

Weka balbu ya 21 W mahali pa fyuzi. Itawaka kwa nguvu shoti ikiwepo. Chomoa pampu: ikizimika, pampu imekwama au ina shoti. Ikibaki inawaka, tikisa waya kipande kwa kipande kando ya chesisi, hasa unapopita kwenye kona za chuma, juu ya tanki na karibu na bomba la moshi. Kamwe usipandishe ampea za fyuzi.

Kuipunguzia swichi mzigo

Badala ya kubadilisha swichi iliyoungua kila mara, ongeza relei. Kata waya wa chanya karibu na pampu. Upande unaotoka kwenye injini upeleke 86 ya relei mpya. 85 iende ethi. Kutoka betri leta waya wa mm² 2.5 wenye fyuzi ya ampea 15 karibu na betri, uingie 30. Kutoka 87 nenda kwenye pampu. Tumia relei yenye volti za lori lako, na ikiwezekana yenye dayodi au upinzani ndani. Sasa swichi ya oili inabeba sehemu ndogo tu ya ampea, na njia zote mbili, ya kuwashia na ya kukimbilia, zinafanya kazi kama zamani.

Waya uliokatwa lazima ubaki umetengana kabisa. Ukiunga 87 kwenye waya ule wa zamani badala ya kuukata, moto wa 87 utarudi kulisha 86, na relei itajishikilia yenyewe. Pampu itaendelea kunguruma hata ukizima lori na kuondoka na ufunguo, hadi uchomoe fyuzi. Lori lililokwisha wekewa relei na lina dalili hii, anzia hapo. Lisilo na relei ya nyongeza, meno ya swichi ya oili au ya relei ya kuwashia yameganda.

Ukimaliza, washa injini, chomoa plagi ya swichi ya oili na usikilize pampu: katika mfumo usioamriwa na kompyuta inapaswa kunyamaza. Rudisha plagi, pampu irudi. Zima ufunguo, inyamaze tena ndani ya sekunde chache oili inaposhuka. Ikipita majaribio hayo matatu, rudia mara moja zaidi injini ikiwa na joto la kazi.